Mashine ya salfa inapochemsha

*Nachingwea na Ruangwa, ua la mkorosho hulindwa na injini ndogo inayobebwa mgongoni. Ikifa Julai, wote huoneshana vidole, na ushahidi hubaki umefungiwa ndani ya silinda.*

Saa kumi na moja alfajiri ya mwezi wa Julai, mashamba ya mikorosho ya Nachingwea huwa bado gizani na umande umelala juu ya majani. Huo ndio wakati wa kupulizia salfa. Hewa imetulia, unga hauchukuliwi na upepo, na jani lenye unyevu huushika. Kamba ya kuwashia huvutwa mara mbili tatu, mashine huitika, na wingu la njano huanza kupanda ndani ya matawi.

Nusu saa ya kwanza mlio ni mmoja: mwembamba, mkali, usiotetereka. Kisha huanza kuwa mzito. Mpuliziaji huongeza resi, resi haipandi. Hufuata harufu inayokaba koo, kama ya njiti kumi za kiberiti zilizowashwa kwa mpigo, halafu kimya. Kamba ikivutwa, haiji. Mashine imechemsha.

Baada ya hapo ugomvi hutangulia matengenezo. Mwenye mashine humlaumu aliyeikodi kwamba ameinyima oili. Aliyekodi hujitetea kwamba alikabidhiwa mashine mbovu. Muuza spea huuliza petroli ilinunuliwa wapi. Fundi naye hufungua, huiona pistoni iliyochubuka, na kutoa hukumu inayowatosheleza wote: mashine za siku hizi si imara.

Hukumu hiyo ina ukweli kidogo na uvivu mwingi. Joto halijileti. Injini ya aina hii huchemsha kwa sababu imekosa upepo wa kuipoza, au imekosa oili, au imepata petroli kidogo kuliko hewa inayovuta. Kila sababu huacha alama yake, na alama hizo husomeka.

Siku kumi na nne

Ubwiriunga ulianza kuripotiwa Tanzania mwishoni mwa miaka ya 1970. Ni ukungu mweupe, kama unga uliomwagwa, unaovamia majani machanga, mashada ya maua na vikorosho vinavyoanza kutunga. Tofauti na magonjwa mengi ya ukungu, huu hausubiri mvua. Huupenda msimu mkavu wenye alfajiri za baridi, yaani majira yaleyale ambayo mkorosho huchanua.

Madhara yake yanaonekana kwenye hesabu za taifa. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani zipatazo 145,000 za korosho. Kufikia 1986/87 zilikuwa hazifiki 20,000. Ugonjwa haukuwa sababu pekee. Operesheni Vijiji iliwahamisha wakulima mbali na mikorosho yao, na bei nazo zilikatisha tamaa. Lakini hata aliyebaki shambani aliona maua yakikauka mashadani.

Jibu lililotolewa na watafiti wa kituo cha utafiti cha Naliendele, Mtwara, lilikuwa salfa ya unga: takribani gramu 250 kwa mti, kuanzia mashada yanapochomoza, kila baada ya siku 14, raundi tano kwa msimu. Ushauri huo ndio uliomlazimisha mkulima mdogo kuwa mtu wa injini. Mkorosho mkubwa haufikiwi kwa mkono, na unga lazima urushwe kwa upepo mkali hadi kileleni.

Mkulima mwenye miti 200 hupulizia kilo 50 kwa raundi, yaani mifuko miwili ya kilo 25. Kwa raundi tano ni kilo 250 za unga laini, na zote hupita kwenye mashine ile ile, shibiri chache kutoka kwenye silinda.

Ratiba ya siku 14 haina huruma. Mashine ikilala kwa fundi siku saba ikisubiri spea kutoka Masasi, Lindi au Dar es Salaam, ukungu hausubiri. Korosho zitakazofika Oktoba na Novemba kwenye maghala na minada ya chama kikuu cha ushirika RUNALI, kinachounganisha Ruangwa, Nachingwea na Liwale, huamuliwa kwa sehemu kubwa na alfajiri hizi.

> Mashine ikilala kwa fundi siku saba, ukungu hausubiri.

Nachingwea, kwa kweli, si ngeni kwa mashine zilizoshindwa. Mwaka 1947 Waingereza waliichagua, pamoja na Kongwa na Urambo, kwa ule mradi mkubwa wa karanga. Matrekta yaliletwa, mengine mitumba ya vita, reli ikajengwa kutoka pwani, na kufikia 1951 mradi ukaachwa. Visingizio vya wakati ule vilifanana sana na vya leo: udongo, jua, spea. 

Hewa badala ya maji

Mvuvi wa Lindi au Kilwa mwenye injini ya kupachika nyuma ya boti ana bahati moja. Injini yake hupozwa kwa maji ya bahari. Pampu ndogo yenye gurudumu la mpira huyavuta kutoka chini, huyazungusha kandokando ya silinda, na mkondo mwembamba hutoka nyuma ambapo kila mtu anauona. Mkondo ukidhoofika, mvuvi anajua: mfuko wa plastiki umeziba wavu, mchanga umeingia, au mpira wa pampu umeisha. Huzima, hukagua, huendelea. Baadhi ya injini za boti zina hata king'ora cha joto.

Injini ya kupulizia salfa ni ndugu wa ile ya boti. Nyingi ni za tu-stroku, hazina sampu ya oili, na hunywa petroli iliyochanganywa na oili. Tofauti ni kwamba hii haina maji. Hupozwa kwa hewa tu. Feni inayozunguka pamoja na injini huvuta hewa kupitia matundu ya kifuniko, na kifuniko huielekeza kwenye mapezi, zile bati nyembamba zilizopangana kuizunguka silinda. Mapezi hupokea joto kutoka ndani na kuliachia upepo.

Kwa hiyo hakuna mkondo wa kuutazama, hakuna kipimo, hakuna king'ora. Mpuliziaji ana sikio, pua na ngozi ya mgongo wake. Fundi aliyezoea boti akipelekewa mashine hii hana pampu ya maji ya kuangalia; aanze na hewa.

Na hewa huzibwa kwa njia za kila namna. Nyasi kavu na majani ya mkorosho hunaswa kwenye matundu ya kifuniko. Katika baadhi ya aina, njia ya upepo iko kati ya mashine na mgongo wa mbebaji. Alfajiri za Julai zina baridi, watu huvaa makoti, na pindo la koti likivutwa hadi kwenye wavu, feni hubaki ikizunguka bila kazi. Mashine huchemsha, koti likivuliwa saa mbili jua likipanda hupoa, na hakuna anayehusisha mambo hayo mawili.

Ganda la njano

Chanzo kikubwa zaidi ni salfa yenyewe, na hapa panastahili kutulia kidogo.

Salfa huyeyuka kwenye nyuzi joto zipatazo 115 za Selsiasi. Ukuta wa silinda ya injini ya hewa inayofanya kazi kwa resi kubwa hupita kiwango hicho bila shida. Unga unaotua juu ya mapezi ya moto haubaki unga. Hulainika, hunata na kushikana na oili iliyovuja na vumbi jekundu la barabarani. Injini ikizimwa hugeuka ganda gumu. Kesho yake tabaka jingine hutua juu yake.

Salfa pia ni kipitisha joto dhaifu sana. Ganda la unene wa ukucha ni blanketi. Mapezi yaliyotengenezwa kwa bati nyembamba zenye nafasi katikati hujaa hadi kuwa kama tofali moja, na upepo hupita juu yake bila kugusa kilicho ndani.

Kifuniko huficha yote hayo. Mashine huonekana safi, imepanguswa, inang'aa, na mwenyewe huapa kwamba huisafisha kila siku. Lakini skrubu nne za kifuniko hazijawahi kufunguliwa tangu iliponunuliwa. Zikifunguliwa, mara nyingi jibu huwa limeonekana kabla ya fundi kuomba spana ya pili.

Ganda hilo huondolewa injini ikiwa imepoa kabisa, kwa kijiti cha mti au cha plastiki na brashi ngumu, kisha upepo wa pampu ya baiskeli au wa kompresa. Bisibisi hukwaruza na kuvunja mapezi. Petroli humenya ganda kidogo lakini huacha mvuke mahali pasipofaa, hivyo ni afadhali maji ya sabuni kwa brashi, plagi na kabureta zikiwa zimezibwa, kisha mashine ianikwe hadi ikauke.

Kumwagia maji injini iliyochemsha, jambo linalofanywa kwa nia njema, ni kosa la kuiua. Chuma na alumini zilizotanuka kwa moto husinyaa ghafla upande mmoja. Silinda hujipinda au kupasuka. Injini iliyochemsha lakini bado inazunguka, kama haitoi harufu ya salfa inayoungua, hushushwa resi hadi chini kabisa na kuachwa dakika mbili tatu feni iendelee kuipoza, ndipo izimwe. Iliyokwisha kuzima huachwa kivulini, isivutwevutwe kamba kwa hasira, kwa sababu pistoni iliyotanuka huchubua silinda kwa kila mvuto.

> Mashine huonekana safi, inang'aa. Lakini skrubu nne za kifuniko hazijawahi kufunguliwa tangu iliponunuliwa.

Vifuniko vya oili

Ugomvi mkubwa wa vijijini ni juu ya mchanganyiko. Katika injini ya tu-stroku, oili iliyomo kwenye petroli ndiyo pekee inayolainisha pistoni, ringi na beringi. Ikipungua, chuma husugua chuma, msuguano huleta joto, joto hutanua pistoni, na pistoni iliyotanuka husugua zaidi.

Watengenezaji huandika kipimo kwenye tangi au kitabu cha mashine. Nyingi hutaka sehemu 25 za petroli kwa moja ya oili, yaani mililita 40 kwa lita. Nyingine, kwa oili ya daraja la juu, huruhusu 50 kwa moja, yaani mililita 20 kwa lita. Mashine mpya kwa kawaida hutakiwa oili nyingi zaidi katika saa zake za mwanzo.

Shambani kipimo ni kifuniko cha chupa. Petroli hununuliwa kwa chupa ya maji ya lita moja na nusu, oili hupimwa kwa kifuniko chake, na idadi hurithiwa kwa mdomo. Kifuniko hicho hubeba mililita tano hadi saba hivi. Chupa ya lita moja na nusu kwa kipimo cha 25 kwa moja huhitaji mililita 60, ambazo ni vifuniko tisa au zaidi. Anayetia viwili na kutikisa ametengeneza mchanganyiko wa zaidi ya mia kwa moja. Rangi hubadilika kidogo, mashine huwaka vizuri, hata husikika nyepesi kuliko jana. Kwa muda.

Dawa ya tatizo hili inauzwa kwenye maduka ya dawa za mifugo: bomba la sindano la mililita 20, bila sindano. Matatu kwa chupa ya lita moja na nusu, au mawili kwa lita moja, hesabu imekwisha.

Aina ya oili nayo ina kesi yake. Oili yenye alama ya 2T imetengenezwa iungue pamoja na petroli na kuacha masizi machache. Oili namba 40 ya pikipiki au gari haikuundwa kwa kazi hiyo. Huacha kaboni kwenye tundu la moshi na juu ya pistoni. Oili iliyomwagwa kutoka kwenye pikipiki, ile nyeusi, ni mbaya zaidi, kwa kuwa imebeba vumbi la chuma. Kuzidisha oili nako si ukarimu. Huziba mafla, hulowesha plagi, na moshi usiopata pa kutokea hurudisha joto ndani.

Wenye mashine za kukodisha wameanza kulielewa hili kwa njia yao: wengine hukodisha mashine pamoja na petroli waliyoichanganya wenyewe. Wanaokodi hulalamika kwamba bei inapanda. Ukipima bei hiyo dhidi ya silinda na pistoni mpya, malalamiko hayo hayana uzito mkubwa.

Kizibo kinachonyonga

Hewa na oili zikiwa sawa, hufuata petroli. Injini inayopata petroli kidogo kuliko inavyostahili huwaka kwa joto kali zaidi, kwa sababu petroli inayoingia ndiyo pia hupoza ndani na kubeba oili. Mkulima husema mashine imekuwa na nguvu ghafla. Hupiga kelele, hupanda yenyewe hata resi ikishushwa, kisha hukata.

Pa kuanzia ni kizibo cha tangi. Kina tundu dogo la kuingizia hewa ili petroli iteremke. Salfa hulipenda tundu hilo. Likizibwa, petroli hushuka dakika kumi au ishirini, tangi hujinyonga, mtiririko hupungua, injini hupata joto na kuzima. Mpuliziaji hupumzika, hufungua kizibo kuangalia kama petroli imeisha, husikia *fyuu* ya hewa ikiingia, hufunga, huvuta kamba, mashine huwaka. Huamini kwamba ilihitaji kupumzika tu. Dakika ishirini baadaye mambo hurudi palepale. Ile *fyuu* ndiyo jibu, na sindano ya kushonea ndiyo matibabu.

Kutoka kwenye kizibo, mkaguzi huteremka: kichujio kilicho ndani ya tangi, mpira wa petroli uliopasuka au kukunjika, kisha kabureta. Mashine iliyofungiwa stoo tangu Oktoba ikiwa na petroli ndani huwa na gundi ya kahawia kwenye vitundu vya kabureta. Kitundu kilichoziba nusu hupitisha petroli nusu. Huzibuliwa kwa petroli safi na upepo, si kwa waya, maana waya hukipanua na kuvuruga kipimo cha kiwandani.

Chujio la hewa huwachanganya wengi. Likijaa salfa, hewa hupungua, mashine hukosa nguvu, hutoa moshi mweusi na kujaza kaboni. Mpuliziaji aliyechoka hulitoa na kulitupa, na mashine hupata uhai. Sasa inavuta hewa nyingi kuliko petroli, tena hewa yenyewe ni wingu la salfa na vumbi. Pistoni itasuguliwa kama kwa msasa. Sponji la chujio hufuliwa kwa sabuni kila baada ya kazi, hukaushwa, hupakwa matone machache ya oili na kurudishwa. Kuwa na la akiba ni gharama ndogo.

Zipo pia hewa za wizi, zinazoingia kupitia gasketi iliyokufa kati ya kabureta na silinda, au kupitia sili za shafti. Gasketi hujaribiwa kwa kupaka maji ya sabuni kwenye kiungo injini ikiwa baridi na inaunguruma taratibu; mlio ukibadilika, au povu likivutwa ndani, hapo ndipo panapovuja. Sili humtaka fundi mwenye vifaa.

Upo udanganyifu mmoja wa kuuweka kando. Mashine inayozima ikipata moto na kuwaka ikipoa inaweza kuwa haijachemsha kabisa. Koili ya plagi iliyochoka hukata cheche inapopata joto. Plagi hutolewa palepale mashine ilipozima, hurudishwa kwenye waya wake, huegemezwa kwenye chuma cha injini mbali na tundu la plagi na petroli, na kamba huvutwa. Cheche isipoonekana, kosa ni la umeme, na kusafisha mapezi hakutasaidia.

Pistoni haina upande

Wakati wenye mashine na wanaokodi wanabishana, shahidi asiyependelea mtu yuko ndani. Plagi hutangulia. Ncha ya rangi ya kahawia ni ya injini yenye afya. Nyeusi na yenye mafuta ni ya oili nyingi au chujio lililoziba. Nyeupe kama chokaa, pengine na vishanga vya chuma kilichoyeyuka, ni ya joto lililopita kiasi na petroli pungufu.

Kisha mafla. Hufungwa kwa bolti mbili tatu, na ikitolewa tundu la moshi hubaki wazi. Kamba ikivutwa polepole, ubavu wa pistoni hupita mbele ya tundu hilo kama kitu kinachopitishwa dirishani. Hakuna haja ya kufungua silinda.

Michubuko ya wima upande wa mafla, na upande wa kabureta ukiwa bado laini, kwa kawaida humaanisha petroli pungufu au oili haba: upande huo ndio wenye moto zaidi, nao hushindwa kwanza. Upande wa kabureta ukiwa umefifia na kulika wakati ule wa mafla ni mzima, vumbi limepita kwenye chujio, na hilo ni kosa la siku nyingi, si la mtu aliyeikodi jana. Michubuko ikizunguka pande zote, injini ilikosa upepo au haikuwa na oili kabisa. Hapo kifuniko hufunguliwa, na mapezi humaliza ubishi.

Ungekuwa utaratibu mzuri kwa mwenye mashine na anayekodi kulitazama tundu hilo pamoja kabla ya kukabidhiana, kama wanavyotazama petroli iliyomo. Ni kazi ya dakika kumi. Haifanywi kwa sababu kila mmoja anaogopa atakachokiona.

> Vumbi lililopita kwenye chujio ni kosa la siku nyingi, si la mtu aliyeikodi jana.

Pistoni iliyochubuka kidogo na ringi zinazocheza huweza kuokolewa na fundi mwenye mkono mwepesi. Iliyochimbika haiokoki. Silinda nyingi za injini hizi ni za alumini iliyopakwa utando mgumu kwa ndani, na utando huo ukitoka hazichongwi kama silinda za pikipiki. Hununuliwa silinda na pistoni yake. Anayeahidi kuichonga anachukua fedha kwa kazi itakayokufa kabla ya raundi inayofuata.

Unga au maji

Wapo wanaosema mjadala wote huu ungeisha kama wakulima wangeacha salfa ya unga na kutumia viuatilifu vya maji. Hoja yao ina nguvu. Dawa ya maji haizibi mapezi, haili chujio, na hupuliziwa mara tatu hivi, kila wiki tatu, badala ya mara tano. Haihitaji umande, hivyo kazi haibanwi na alfajiri. Saa za injini kwa msimu hupungua.

Upande wa pili una majibu. Maji yenyewe ni tatizo. Katika vijiji vingi vya Ruangwa na Nachingwea, kiangazi kikikolea, maji ya kunywa huchotwa mbali. Ya kupulizia miti mia mbili hubebwa kwa baiskeli au pikipiki, na hiyo ni gharama nyingine. Tangi lililojaa maji humlemea mtu mgongoni kuliko unga. Dawa ya maji pia hutaka kipimo sahihi, na aina nyingi, zikitumiwa mfululizo, zinaweza kuzoewa na ukungu. Salfa hushambulia ukungu kwa njia nyingi kwa wakati mmoja, na usugu dhidi yake ni jambo adimu.

Wengi huishia kuchanganya, salfa kwa raundi za mwanzo na maji kwa za mwisho, au kinyume chake, kwa kutegemea mgao wa pembejeo uliofika. Kwa injini, tofauti ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Dawa ya maji huondoa ganda la njano tu. Vifuniko viwili vya oili vitaiua mashine ya maji kama vinavyoiua ya unga.

Kiberiti ni salfa

Kiswahili kilijua zamani kwamba salfa huwaka. Neno kiberiti, lililotoka katika Kiarabu, ni jina la salfa kabla ya kuwa jina la njiti. Unga wa salfa uliotanda hewani unaweza kushika moto kwa joto la chini ya nyuzi 250, na mafla ya injini iliyochemsha hupita kiwango hicho. Harufu kali inayotangulia mashine kuzima ni salfa inayoungua juu ya mafla, na gesi yake huumiza mapafu. Mpuliziaji anayeisikia azime mashine, aitue chini na kuondoka kwenye wingu.

Petroli huongezwa mashine ikiwa chini na imepoa, kamwe si ikiwa mgongoni. Bomba refu la plastiki linalopitisha unga mkavu hujijengea umeme tuli, ndiyo maana vifaa vya unga huja na mnyororo mdogo au waya wa kugusa ardhi. Waya huo mara nyingi hukatwa siku ya kwanza kwa kuwa hunasa kwenye visiki. Unapaswa kurudishwa. Miwani na barakoa ni za mtu, si za mashine, lakini anayekohoa na kutokwa machozi hawezi kusikia mlio unapobadilika.

Baada ya raundi ya mwisho

Mwezi wa Septemba mashine nyingi hutupwa stoo zilivyo, salfa ikiwa kwenye tangi la unga na petroli kwenye tangi la petroli. Salfa iliyoachwa na unyevu hula vyuma taratibu, na shaba ya kabureta haiipendi. Petroli hupoteza nguvu na kuacha gundi. Mei inayofuata mashine hiyo itawaka kwa shida, na Juni itachemsha.

Kinachohitajika ni asubuhi moja. Matangi yote mawili humwagwa na kufutwa. Injini huwashwa na kuachwa iungurume taratibu hadi ijizime yenyewe, kabureta ikiwa kavu. Kifuniko hufunguliwa, mapezi hupigwa brashi hadi alumini ionekane katikati ya kila bati. Plagi hutolewa, kijiko kidogo cha oili ya 2T humiminwa kwenye tundu lake, kamba huvutwa polepole mara tatu ili oili ienee, na plagi hurudishwa. Chujio hufuliwa na kufungwa kwenye karatasi. Mashine huning'inizwa juu, mbali na panya, ambao hupenda mpira wa petroli, na gunia hufunikwa juu yake.